Kikombe cha Kwanza cha Yuksin

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Mfereji,
Kaiping, Guangdong.
Jumapili, 25 Novemba 2018.

Mpendwa Shangazi Sau-ngo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi na mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni unamkosoa mtu anayekata tangawizi. Nyonga inaendeleaje? Nilifurahi kusikia kwamba sasa unatumia fimbo moja badala ya mbili. Huko Lima ukungu umeondoka, au bado nguo hazikauki?

Sisi huku ni wazima. Kifua kilinibana mwezi wa kumi, nikachemsha dawa za dukani kwetu, na siku ya sita nikawa mzima kabisa. Presha ya shemeji Sui-fong imeshuka. Paa la jikoni lilivuja tarehe 2, likazibwa tarehe 5.

Sasa najua unachotaka kusikia. Katika barua yako ya Septemba uliuliza swali moja tu, ukalipigia mstari mara mbili: siku ya harusi ya Yuksin, nani atasimama mahali pa baba yake, marehemu kaka Pak-hei? Nitakueleza kwa mpangilio, siku baada ya siku, kutoka kwenye shajara yangu, kwa kuwa sijui kusimulia kwa kuruka. Usitangulie kusoma ukurasa wa mwisho.

Yuksin mwenyewe ndiye aliyeniomba niseme maneno ya upande wa baba. Nikakubali kwenye simu kabla sijafikiri. Baadaye nikapata habari kwamba harusi itafanyika Macau, katika hoteli ile ya kasino ambako Yuksin anafanya kazi ya kupanga maua, meza ishirini na nane, na kipaza sauti. Unanijua, Shangazi. Mimi nimepima mizizi na majani kwa miaka ishirini na mbili, na wateja wengi wananipa cheti cha daktari, nawapa kifurushi, tunaachana bila neno.

Niliandika hotuba ya kurasa tatu. Kwa wiki sita, kila jioni tukishafunga duka, niliisoma kwa sauti mbele ya zile droo za dawa. Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ulikuwa na habari za mkahawa wa kaka: Yuksin wa miaka minne amekalishwa juu ya vigoda viwili vilivyopandana, kaka anammiminia chai kabla hajafungua mlango kwa watu, anamwambia, "Mteja wangu wa kwanza, karibu." Shangazi, mstari huo sikuwahi kuuvuka. Jioni arobaini na mbili, na kila nikifika hapo koo linafunga.

Nilimwambia Yuksin ukweli. Akanijibu, "Baba mdogo, ukishindwa, mshereheshaji wa hoteli atasoma. Analipwa kwa kazi hiyo. Sitakasirika." Alisema kwa upole sana, ndiyo maana iliniuma. Mtu wa kukodiwa, mwenye koti la kumetameta, aseme maneno ya kaka!

Tulisafiri Ijumaa tarehe 16. Kwenye basi shemeji alinitania njia nzima. "Pak-lam, ukipotea kule tutakutangazaje? Hakuna anayeijua sauti yako. Ukiita, hata mimi nitadhani ni mgeni." Tulivuka mpakani kwa miguu, tukapanda basi la bure la hoteli, na nilijiandaa kuteseka.

Shangazi, sikuteseka! Naandika haya na mkono unakimbia. Kwanza dari: ndani ya hoteli wamechora mbingu ya asubuhi yenye mawingu, na chini yake kuna mfereji wa maji na watu wanaimba ndani ya vimashua. Zulia lina maua makubwa kuliko masinia. Viti vya choo vina joto. Nilianza kuhesabu taa za ukumbi wa mapokezi, nikafika mia sita na arobaini, shemeji akanivuta shati.

Na jambo ambalo sikulitarajia ni hili. Hapa Kaiping nikikaa kimya dakika tano, mtu ataniuliza, "Mbona umenyamaza? Unaumwa? Umegombana na nani?" Kule hakuna aliyeniuliza kitu. Maelfu ya watu, kila mmoja anatazama karata zake, mabegi yake au picha yake mwenyewe. Ijumaa hiyo mchana nilitembea kwa muda wa saa tatu peke yangu, kutoka mnara mmoja wa dhahabu hadi mwingine, nikala tati mbili za mayai, vile vikeki vidogo vya kule, nimesimama, na sikulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini sisemi. Sijawahi kupumzika hivyo katikati ya watu. Niliandika kwenye shajara: "Kelele ni nyingi mno hata ukimya wangu hauonekani." Kisha nikapigia mstari, jambo ambalo huwa silifanyi.

Jumamosi asubuhi Mzee Leong, baba wa bwana harusi, alikuja kunichukua. Huyu ni mtu wa sauti. Akinong'ona, lifti nzima inajua. Alinishika bega: "Mkwe! Umefika Macau hujakaa mezani? Unataka niwaambie watu nini mimi? Twende!"

Nikaketishwa kwenye mchezo wa ishirini na moja, ambao karata zako zikizidi hapo umeshindwa. Mzee Leong akaweka sarafu za plastiki mbele yangu, msichana mgawa karata akanipa mfalme na tisa, yaani kumi na tisa, na hapo hata mtoto anajua kutulia. Wakati huohuo mama wa kigari cha chai akapita nyuma yangu, akaniwekea kikombe, akamimina.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitufinya masikio, kaka na mimi, tukisahau kushukuru kwa kugonga meza kwa vidole viwili mtu akitumiminia chai? Ulitufundisha vizuri mno. Vidole viligonga vyenyewe. Tok, tok.

Msichana akanitazama kwa mshangao, akaniuliza kitu. Sikumsikia kwa kelele, nikaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama ninavyofanya siku zote nisiposikia. Akanipa karata nyingine. Kumbe pale kugonga meza ni kuomba karata!

Ikawa mbili. Ishirini na moja kamili.

Mzee Leong aliruka. "Mmemwona? Mmemwona mkwe wangu? Ana kumi na tisa mkononi, anaomba nyingine! Tena anakunywa chai!" Watu wakaja kutoka meza za jirani. Mzee mmoja asiye na meno akanigusa mkono ili bahati imwingie. Mwingine akauliza, "Anatoka wapi huyu bingwa?" Mzee Leong akajibu, "Kaiping! Hasemi! Watu wa hatari huwa hawasemi!"

Nilitaka kuingia chini ya meza. Lakini kilichonisumbua zaidi ni yule mama wa chai. Alirudi, akaniongezea, na sasa sikuthubutu kugusa meza. Nimkalie tu kama mtu asiyelelewa? Nikageuka, nikasema kwa sauti, "Asante sana, dada." Ilinibidi niipaze ili inifikie hata mimi. Akacheka, akasema, "Haya kaka, leo umenilipa mwezi mzima. Hapa wananiona kama ukuta." Nikainuka nikiwa nimeshinda mara moja tu, nikakataa kurudia. Mzee Leong akawaambia wote kwamba huo ndio ubingwa wenyewe, kujua pa kuishia.

Niliporudi chumbani niliandika: "Nimepaza sauti kwa mtu nisiyemjua. Koo halikufunga." Nikalala mapema.

Sasa Jumapili tarehe 18. Karamu ilikuwa ya mchana. Yuksin alivaa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, na Kuok-wai, mumewe, masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. Kijana huyo ni mgawa karata, mkono wake hautikisiki kazini, lakini alipotupigia magoti na kikombe cha chai asubuhi alikitikisa mpaka shemeji akamwambia, "Mwanangu, tunywe au tunawe?"

Ukumbi ulikuwa na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Meza sita zilijaa wagawa karata wenzake na Kuok-wai. Mzee Leong alikuwa amekwisha kupita meza zote ishirini na nane akisimulia kumi na tisa yangu, nayo ilikuwa imekua njiani. Mezani kwetu ilifika ikiwa ishirini.

Mshereheshaji akaniita. Nikapanda. Nikauona uso wangu kwenye skrini, kila tundu la pua kama bakuli. Nilikuwa nimejipanga kusoma taratibu. Nikasema, "Mimi ni Seto Pak-lam, baba mdogo wa bibi harusi." Ilitoka. Nikamaliza ukurasa wa kwanza bila kukosea. Nikafungua wa pili, nikauona ule mstari ukija, na koo likafunga.

Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja. Vijiko vilinyamaza. Nilimwona Yuksin ananitikisia kichwa taratibu, kama anayesema, basi, baba mdogo, inatosha. Mshereheshaji akaja na koti lake, akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, akaninong'oneza, "Nipe tu, mzee, nitamalizia mimi."

Nikasema, "Ngoja."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nikashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, nikaenda meza ya kwanza. Nikachukua birika. Najua, Shangazi, mkubwa hammiminii mdogo chai, na meza nzima ilijua. Mama yake Kuok-wai alinyanyuka nusu anipokonye. Nikammiminia Yuksin kikombe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Yuksin alikitazama kile kikombe. Kisha akanyoosha vidole viwili, kucha nyekundu, akagonga meza. Nilikuwa nimesahau kwamba kipaza sauti nimekiegemeza pale pale ukingoni. Tok, tok. Sauti ikatoka kwenye spika zote za ukumbi.

Kutoka meza za wagawa karata mtu akapiga kelele, "Mpeni karata!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yuksin alicheka, shemeji alicheka, na mimi nikacheka, Shangazi, mbele ya watu mia tatu, mdomo wazi kwenye ile skrini. Na kicheko kikalifungua koo. Nikasema, bila karatasi, "Mteja wangu wa kwanza, karibu."

Nikaona Yuksin ameziba uso kwa mikono miwili. Shemeji, mama yake, akamshika mgongo. Ukumbi ukatulia tena, na katikati ya utulivu ule mtu mmoja akaanza kugonga meza kwa vidole viwili. Nikageuka. Alikuwa Mzee Leong, amenyamaza kimya, machozi yanamtoka. Ikafuata meza yake, na ya pili, na zile za wagawa karata, mpaka meza zote ishirini na nane zikawa zinagongwa, kama mvua inapoanza juu ya bati.

Baada ya hapo nilisema yote. Mkahawa, vigoda viwili, jinsi kaka alivyokuwa akimfungia vitumbua vya mvuke kwenye mfuko wa shule, na siku aliyouza pikipiki yake ili Yuksin amalize masomo, akatuambia imeibiwa. Hata hilo la pikipiki, ambalo halikuwamo kwenye karatasi, nilisema. Yuksin hakuwa analijua. Kuok-wai alipima kwa saa yake: dakika kumi na moja. Mimi ningeapa ni mbili.

Mshereheshaji alipopewa kipaza sauti alisema tu, "Sina la kuongeza, tuleni." Nimemsamehe koti lake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nilisimama mimi. Ila pale kwenye ule mstari, aliyesema si mimi. Nawe utanielewa.

Jambo dogo la mwisho. Nimeandika kwenye shajara, na sasa nakuandikia wewe ili nisirudi nyuma: mwezi wa nne nitakwenda tena Macau, siku mbili, peke yangu. Nitakula tati zangu nimesimama, nitahesabu taa kuanzia ya mia sita na arobaini na moja, na nitamtafuta yule mama wa kigari cha chai. Sitacheza. Shemeji anasema, "Unamtafuta wa nini?" Nimemwambia kwamba kuna mtu wa kumshukuru. Amecheka namna ambayo siipendi.

Ndani ya bahasha utakuta picha nne na zile karatasi tatu za hotuba. Ya pili na ya tatu hazikusomwa. Zisome wewe, kwa sauti yako ile iliyokuwa ikituamsha sote.

Nisalimie sana binamu Wai-ling na mumewe, na watoto wao wote wawili, na umwambie yule mdogo kwamba stempu zake nimeziweka upande. Shemeji anakusalimu, na Yuksin na Kuok-wai wanakuamkia kwa heshima. Wamekutengea kikombe kutoka kwenye seti ya harusi, utakipokea kwa posta. Mungu akupe miguu ya kutembea na miaka ya kuwaona watoto wa Yuksin.

Kikombe kikifika, jimiminie chai humo ukiwa umeketi, na ugonge meza mara mbili. Nitajua kimefika.

Ni mimi mwanao uliyemlea, nikupendaye bila kusema,

Pak-lam