Upande Wangu wa Sinia

Lalla Ghita mpendwa, bibi mshauri wa gazeti letu, naomba unisaidie, na kabla hujanigombeza nisikilize mpaka mwisho, maana nikikatizwa katikati sitaweza kuanza tena. Mimi ni mwanamume wa Meknes, nina mke na mabinti wawili, nauza rangi za nyumba, na nimekaribia umri aliofariki nao baba yangu, jambo ambalo mtu mwingine huenda lisimsumbue ila mimi limenikaa kooni, kwa sababu baba aliinuka kwenye sinia la kuskusi siku ya Ijumaa, akaenda kunawa mikono, tukasikia bomba likimwaga maji, likaendelea kumwaga, mpaka mama akasema, "Jaouad, hebu kamfungie baba yako bomba," na mimi ndiye niliyekwenda.

Mwaka juzi kifua kilinibana nikiwa dukani, daktari akanipima akaniambia moyo wangu unafuata njia ya baba, presha iko juu, mafuta yamejaa kwenye damu, niache samli na nyama nono nile mboga, au nimfuate baba, nichague mwenyewe. Nikachagua. Nikanunua raba nikaanza kulizunguka bwawa la Swani asubuhi, mwanzoni nahema kama punda aliyepakiwa mawe, hata wazee wenye bakora wananipita na kuniambia, "Mungu akusaidie, mwanangu," lakini polepole pumzi ikafunguka, tumbo likaondoka, usingizi ukarudi, na nikuambie ukweli, Lalla, kuna asubuhi korongo wanaruka juu ya kuta za kale nami nakimbia peke yangu, nikajikuta nalia kwa furaha ya kuwa hai. Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Shida ilianzia kwenye chakula. Kila Ijumaa baada ya sala tunakula wote kwa mama, sinia moja katikati, kila mtu na upande wake, na mimi nikaanza kwenda na mkebe wangu wa kuku wa kuchemsha, mdogo wangu Driss akawa ananingojea mlangoni: "Bingwa kafika na posho yake! Watoto, mpeni sungura karoti!" Nilivumilia. Kilichonichoma ni ule upande wangu, maana watu wanakula, kuskusi inashuka, upande wangu unabaki umesimama vilevile, na mama anautazama huo, hanitazami mimi.

Basi ili kumridhisha nikauacha mkebe nyumbani, nikasema leo nitakula na wenzangu, na Ijumaa hiyohiyo mama, ambaye tangu utoto wetu ndiye anayegawa nyama kwa mkono wake, akampa Driss, akampa dada yangu Touria, akawapa wakwe na wajukuu, mimi akanisogezea boga, kabichi na dengu, hata samli aliimwaga kwenye pande za wengine, wangu ukabaki mkavu. Mbele ya mke wangu! Mimi kifungua mimba wake! Driss akacheka, "Leo kaka umefutwa kwenye urithi." Nikaona mama ananiadhibu kwa miezi yote ile ya mkebe, damu ikanipanda, nikasema, na hapa mkono unakataa kuandika, nikasema, "Bora hivyo. Sinia hili ndilo lililomzika baba."

Mama alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaingia jikoni.

Tangu siku hiyo hapiki. Sinia amempa jirani yetu Hajja Yamna, kasema hana kazi nalo tena. Anakula mkate na chai, Touria akimpelekea chakula anasema ameshiba, nguo zimeanza kumpwaya. Nikienda ananipokea vizuri, ananiombea dua, ananiuliza, "Umekimbia leo?" Nikisema ndiyo, anasema, "Vizuri," basi. Mke wangu Bouchra amechoka na mimi, juzi kaniambia, "Hongera, umepata nguvu za kubeba jeneza la mama yako." Sasa Lalla, nifanye nini, nikila kama zamani nitakufa kama baba, nisipokula nampoteza mama, na yale mapenzi ya kuwa hai niliyoyapata pale bwawani hayapo tena, nakimbia tu kama mtu anayefukuzwa.

Jaouad, Meknes


Jaouad,

Nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa zamu yako kunyamaza.

Kwanza, pole. Mtoto aliyetumwa kufunga bomba akamkuta baba yake sakafuni ana haki ya kuliogopa sinia, na nikisoma barua yako sioni mahali ambapo mtu alikupa pole hiyo, kwa hiyo ipokee kwangu. Na mbio usiziache. Kitu kinachomliza mtu mzima kwa furaha ya kuwa hai si cha kuachwa kwa sababu ya mzaha wa Driss, ambaye kwa taarifa yake ni mtoto wa baba yuleyule. Mpeleke naye akapimwe.

Lakini umekuwa mpumbavu, mwanangu, na siwezi kulifunika hilo. Nimegawa nyama kwenye sinia tangu nilipoolewa. Mama wa kwetu hamnyimi kifungua mimba wake nyama mbele ya mkaza mwana kwa kisasi. Aibu ingemrudia mwenyewe. Akikasirika, ndiyo kwanza anakujazia. Hebu soma ulichokiandika kwa mkono wako: boga, kabichi, dengu, upande usio na samli. Chakula hicho amekiagiza nani? Daktari wako! Mama yako alikupikia dawa yako ndani ya sinia la ndugu zako, ili usile tena peke yako kwenye mkebe. Alikubali aonekane mchoyo mbele ya watu wote. Nawe ukamjibu kwamba amemuua mumewe.

Unadhani wewe ndiye wa kwanza kumwambia? Mwanamke aliyempakulia mumewe mlo wa mwisho hujisemea neno hilo kila anapowasha jiko. Alilinyamazia na akaendelea kupika, kwa kuwa nyinyi mlikuwa mnakuja. Siku ulipolisema wewe, akaona kumbe ni kweli. Kwa hiyo hajagoma kupika tu, Jaouad. Anajihukumu. Imeniuma sana kuisoma habari hiyo.

Wiki hii mpeleke hospitali wewe mwenyewe, usimtume Touria. Mzee ambaye nguo zinampwaya si kazi ya mshauri wa gazeti. Njiani mwambie kwamba moyo wa baba haukuugua Ijumaa ile, ulikuwa ukiugua kimyakimya kama wako, ila yeye hakupata daktari wa kumtahadharisha. Mwambie polepole, na akilia usimkatize.

Kisha nenda kwa Hajja Yamna ukaombe sinia. Libebe mwenyewe, mchana, mtaa mzima ukiona. Ijumaa wawepo wote waliokusikia siku ile, na Driss afunge mdomo. Mbusu mama yako kichwani na useme mbele yao: "Mama, ulinilisha, nami nikakutukana. Nisamehe." Usitaje presha yako. Usimtaje Driss. Akikataa kupika, ingia jikoni uipike kuskusi wewe, na uharibu utakavyoharibu. Sijamwona bado mama wa Meknes anayeweza kukaa akaangalia kuskusi inashikana madonge jikoni kwake. Na hata akikaa, pakua hayo madonge, keti karibu naye, uanze.

Kutwa unahesabu miaka iliyobaki ufike alipoishia baba yako. Ijumaa za mama yako hujazihesabu hata siku moja, nazo ni chache kuliko zako. Kula upande wako mpaka uione rangi ya sinia, na usiniandikie tena kabla hujala.

Ghita