Majina Mawili Juu ya Tufe

Baba,

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike, na leo ndiyo mara ya kwanza nnakaa kwenye meza yako bila ya kulia. Nna hasira. Nimeona bora nikwambie wewe mwenyewe kuliko kumchosha Mama, ambaye kila nikifungua mdomo hunikatiza: "Maiti hasemwi, Zuwena."

Tufe lako la dunia halipo tena hapa nyumbani Ansab. Kaka Nassor amelitoa kwa ukumbi wa maonyesho, pamoja na kigoda chake cha msaji. Walikuja wanaume wanne na mablanketi wakalibeba, Mama akasimama mlangoni akisoma dua. Miaka sita lilikuwa limekula nusu ya sebule yetu. Lilipotoka nilihisi kama tunatoa jeneza la pili.

Ulipostaafu wizarani pale Al Khuwair, watu walidhani utakaa na kahawa yako upumzike. Wewe ukasema umechora barabara na viwanja maisha yako yote, sasa unataka kuchora dunia, tena kwa njia ya mafundi wa kale: mpira wa karatasi zilizoroweshwa, plasta juu yake, kisha vipande kumi na viwili vya ramani, vilivyochongoka juu na chini mfano wa maganda ya chungwa, vibandikwe kimoja kimoja mpaka mshono usionekane. Lakini macho yako hayakuwa tena na nguvu ya herufi ndogo. Ndipo uliponiita mimi.

Nilikuwa nikirudi kazini, nakula haraka, nakaa. Gundi ya unga wa ngano uliikoroga mwenyewe, ukinambia mkono wangu ni wa kalamu, si wa mwiko. Ulicheka mpaka ukakohoa siku nilipoandika Hurmuz mara mbili. Siku zile nilikuwa na furaha, Baba. Hilo silikatai.

Na hadithi zako! Wareno walizifungia ramani zao kama dhahabu. Nahodha akirudi safari lazima akabidhi karatasi zote, na atakayeziuza kwa wageni roho yake i hatarini. Zikavuja hivyo hivyo, zikafika kwa wachoraji wa kaskazini ambao hawajapata kuona hata mnazi. Wakaiandika Kilwa "Quiloa," Maskati "Mascate," na katikati ya Afrika, wasipopajua, wakaweka tembo. Hapo ulikuwa ukicheka. Ila ukifika kwa marubani wa majahazi sauti yako hubadilika. "Nani aliyewaonyesha njia ya kuvukia mpaka Bara Hindi? Watu wa bahari hii yetu. Haya, tafuta majina yao kwenye ramani zile. Huo ni wizi, mwanangu. Kumwibia mtu jina ni kubaya kuliko kumwibia mali."

Ukanambia na jingine: kwamba katika karakana zile rangi mara nyingi zilitiwa na wake na mabinti wa nyumba, na hao pia hakuna aliyewataja. Uliyasema hayo mimi nimeinama natia buluu ya Bahari ya Hindi. Hukuona kitu. Na mimi, wakati huo, sikuona.

Tulipomaliza nilichora kisanduku cha jina katika ile bahari kubwa ya mashariki, palipobaki nafasi tupu, kama walivyofanya wale mafundi wa kale. Ukaichukua kalamu, ukaandika: *Kazi ya Saidi, Maskati*. Nikangoja. Kisha nikauliza, "Na mimi?"

Ukapuliza wino ukauke. "Jina moja latosha, mwanangu. Mimi na wewe si kitu kimoja?"

Nikasema ndiyo, Baba. Nikenda kupika chai. Miezi mitatu baadaye ukafariki, na ile ndiyo yangu imenikaa kooni mpaka leo.

Siku ya ufunguzi kule ukumbini Nassor alihutubia. "Baba alilifanya peke yake, kwa mikono yake." Wakapiga makofi. Rafiki yako mmoja wa wizarani akanigeukia: "Na wewe binti, ulikuwa ukimpelekea chai?" Nikamjibu, "Ndiyo, nilikuwa nikimpelekea." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nilirudi nyumbani nikajifungia.

Baada ya wiki chache vipande viwili vikabanduka upande wa Bahari ya Sham. Nadhani ni jua lililolipiga njiani. Wale wa ukumbi wakataka kuleta fundi kutoka nje. Nassor akatwambia mezani, "Tufanyeje? Aliyejua amekufa."

Nikasema, "Vipande vile nimevibandika mimi."

Alinitazama kama anamtazama mtoto aliyesema uongo. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Kweli. Ni yeye."

Basi nilikwenda mchana siku tatu, nikavirowesha, nikavirudisha. Siku ya tatu, kazi imekwisha, niligeuza tufe mpaka kwenye kisanduku chako. Nikaandika chini ya jina lako: *na Zuwena, binti yake*.

Nassor alipopata habari alikuja mbio ukumbini. "Umeiharibu kazi ya Baba!"

"Ipi? Nionyeshe herufi moja aliyoandika yeye, ukitoa jina lake."

Aliangalia. Alitafuta kweli, maskini, kichwa chake karibu kiguse Uajemi. Kisha akaondoka. Hajasema na mimi tangu siku hiyo. Ijumaa tukila, sahani huipitisha kwa mkewe ndipo inifikie.

Wiki iliyopita nilikwenda kutazama. Wameligeuza. Upande wenye majina unaelekea ukutani, mbele wamefunga kamba, na kibao cha maelezo walichokiweka kinakutaja wewe tu. Nilimwomba mlinzi, kijana wa Kikenya, alizungushe kidogo. "Pole, madam. Walisema isiguswe. Hiyo side ingine iko na shida."

"Shida gani?"

"Sijui. Ni vile niliambiwa."

Si kosa lake. Wala Nassor simlaumu sana, kwa sababu yeye hakujua. Wewe ulijua, Baba. Ulijua kuliko mtu yeyote katika mji huu, ukalia kwa ajili ya marubani waliokufa zamani, na mimi nimekaa pembeni yako. Hilo ndilo lisilonitoka.

Na nikwambie la mwisho, lisiloniacha nikajiona bora. Juzi Mama alinikumbusha, bila ya lawama, kwamba kila karatasi tuliyoibandika aliinyoosha yeye kwa pasi. Miaka sita. Nami nilipoishika kalamu sikumfikiria hata kidogo.

Nimenunua karatasi Ruwi. Naanza tufe jingine, dogo, la kukaa mezani. Majina ya marubani siyajui na sitoyabuni. Pale pao ntapaacha patupu. Lakini la Mama ntaliandika, na langu, na lako litakuwemo, kwa sababu ulinifundisha. Hiyo ni ahadi.

Rehema nakuombea kila baada ya sala, na kwa hilo sitochoka. Msamaha wangu bado, Baba. Siku msamaha huo utakapokuwa tayari ntakuja kaburini nikwambie. Kwaheri kwa leo.

Binti yako,
Zuwena