Nimesimama na chekechea

Demetria weee, nimejifungia kwenye choo cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu mkuu ananisubiri ofisini 😭😭

Si unajua baada ya uji sie walimu wasaidizi ndo tunawalaza watoto wa chekechea? Leo nimewapanga kwenye mkeka, na mie nikajilaza pembeni kidogo, ili waone mfano tu.

Demetria, nikapitiwa.

Mkuu akaingia anamtembeza mgeni, mzee Muhdhar mwenye duka la vitambaa hapa Mbagala, anamtafutia mjukuu wake shule. Watoto wakakurupuka, wakasimama kama tulivyowafundisha: "Shikamoo mwalimuuu! Karibuni wageniii!"

Na mie nikasimama.

NIKASIMAMA. Na usingizi wangu machoni, mikono nimeinyoosha ubavuni, "karibuni wageniii" na mwili huu wote. Sauti yangu ndo ilichelewa kuisha.

Mkuu kanikodolea macho. Akasema taratibu, "Kaeni."

Unadhani hapo nilizinduka? Nikajibu "Asante mwalimuuu," nikakaa, nikakunja miguu, kidole mdomoni!!

Mzee wa watu akanipandisha akanishusha kwa macho, akamuuliza mkuu kwa upole kabisa: "Na huyu mkubwa, karudia darasa mara ngapi?"

Nikasema ngoja nijitetee, mwenzio bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nafungua tu mdomo, kale kabinti kanakokaaga mbele, Tusajigwe, kakaniwahi:

"Huyo sio mwanafunzi, babu. Ni mwalimu wetu. Tunamlazaga kila siku."