Kamba Niliyoirusha Yote

Mheshimiwa, natangaza kifo cha heshima yangu. Nimejifungia chooni bwenini. Usicheke.

Leo tulikuwa mtoni, mafunzo ya uokoaji. Zoezi lenyewe: kiranja anachukuliwa na maji, mimi namrushia mfuko wenye kamba ndani, ncha nabaki nayo mkononi.

Nikarusha. Ukatua kifuani pake, safi kabisa! Nikawapungia watazamaji mkono.

Mkono uliokuwa na ncha; ikaniponyoka.

Jamaa ameikumbatia kamba yote, ananikodolea macho: "Vuta! Vuta basi, wewe!"

Nivute nini?

Mwalimu alimdaka kule chini, karibu kabisa na mawe. Yuko hai. Hanisemeshi.

Kisha mwalimu akauliza: "Nani ataingia majini huyu akishika kamba?"



Pacha wangu akavua jaketi lake la kuelea, akaliweka chini taratibu, akarudi nyuma.

Pacha wangu!