Mmarekani Aliyeamkia kwa Kiha

Murusi, Kasulu,
11 Agosti 2014

Mpendwa Shangazi Swaumu,

Shikamoo, shangazi yangu. Asalaam aleikum kwako na wote hapo Tanga. Mguu umepoa, au bado unakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, na vumbi la barabara linatuingia dukani mpaka kwenye sukari.

Kanga ulizotuma zilifika kabla ya Idd. Ile ya zambarau nimekataa katakata kumgawia mtu.

Sasa yangu. Unajua Baba alivyomrudisha mshenga wa Khatibu mwezi wa tano. Alisema hamwozi binti yake kwa mtu anayelipwa kusema maneno ya wengine. Khatibu ndiye mtafsiri wa kibanda cha video: picha inaonyeshwa, yeye anashika maiki na kuwasemea wote kwa Kiswahili, mwanamume, mwanamke, hata mbwa. Shangazi, nililia mpaka nikajichukia. Ninampenda, na bila ridhaa ya Baba siolewi.

Idd pili, mchana, Baba akavaa kanzu, akasema anakwenda kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Nikamfuata. Kumbe siku hiyo CD ya mapigano imegoma, mwenye kibanda akaweka picha ya zamani ya Kimarekani, nyeusi na nyeupe, ya mapenzi na vichekesho. Vijana wakaguna. Khatibu hakuwahi kuiona, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji.

Alipomwona Baba benchi la nyuma, akaingiwa na kiwewe. Kwenye picha kijana mwenye kofia anamfukuzia binti wa watu ndani ya hoteli kubwa, wanagombana, wanapendana, wanagombana tena. Nadhani kwao Marekani kijana anamposa binti mwenyewe, bila kumwuliza baba, na yanaishia hapo. Khatibu atathubutu kusema hivyo mbele ya Baba? Akatokea mzee mmoja wa mvi na suti nadhifu, Khatibu akamfanya baba wa binti. Yule kijana Mmarekani akamwamkia, "Mwakeye, mzee wangu!" Kiha kabisa! Kisha akasema, "Sina duka wala ng'ombe. Nina mdomo huu tu, na hautamdanganya binti yako. Naomba nisikilizwe."

Mara yule mzee akainama, akachukua sinia la vikombe, akaanza kuwagawia watu chai. Loo, mhudumu wa hoteli! Watu wakavunjika mbavu, vijana wakapiga miluzi, "Mkwe gani huyo anabeba sinia!" Nilitamani ardhi inimeze. Khatibu akakohoa, halafu akasema kwenye maiki, "Mzee amekubali, ndiyo maana anawahudumia wageni mwenyewe."

Shangazi, Baba alicheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu mama atutoke sijamsikia akicheka hivyo. Tulipofika dukani ndipo akasema, "Leo kijana amesema ya kwake." Akaingia ndani kuswali, akaniacha na hilo neno, sijui nicheke au nilie.

Khatibu hakungoja. Ijumaa iliyopita mshenga wake, Mzee Mudathiri, akarudi na posa. Nilikuwa jikoni napanga vikombe vya kahawa kwenye sinia. Baba akaingia. Unamjua kaka yako, hajawahi kubeba hata bilauri yake mwenyewe. Akanitazama, akaliinua sinia, na kutoka nalo sebuleni kwa wageni. Nikamsikia Mzee Mudathiri akipiga kelele, "Alhamdulillahi!" kabla hata Baba hajafungua mdomo.

Ndoa ni baada ya Idd ya kuchinja, inshallah. Baba anasema haifungwi bila wewe, na siku hiyo sinia ni lako.

Nisalimie Kudra na Saady, uwabusu wadogo wote. Mungu akuponye mguu huo, uje ucheze ngoma harusini kwangu.

Mimi mwanao nikupendaye sana,
Safina