Mlima wa Miplamu Umefunguliwa

Podgaj, 14 Septemba

Kaka yangu Stipo,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua nikipanda ngazi. Mama naye hajambo kwa umri wake. Anakula, anasali, na kila anayetoka Ujerumani humuuliza kama amekuona, kana kwamba Stuttgart ni kijiji. Wifi Anka hajambo? Na watoto, bado wanaielewa lugha yetu? Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nikiutaja mlima tu, wewe unaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Nianze na la furaha. Wiki iliyopita Mama alikula plamu za shamba letu. Si za sokoni. Za kule juu, ambako hakuna aliyekanyaga tangu baba auawe na bomu la ardhini, vita vilipokuwa vimekwisha tayari. Najua sasa umekaa wima. Tulia nikueleze.

Mwaka jana mwalimu Rasema, yule Mbosniaki wa mtaa wa chini, alianza kutuita kwenye shule ya zamani kila Alhamisi, sisi Wakroatia na wao, tuliopigana vitani, tuzungumze. Sikutaka kwenda; Mama ndiye aliyenisukuma. Tulikaa kila watu upande wao, kila upande na mdila wake wa kahawa, na hakuna aliyekunywa ya wenzake. Tukazungumzia barabara, kisha mbwa wanaozurura. Msimu mzima wa baridi ulipita hivyo. Aliyeuvunja ubaridi ule ni mzee Mijo. Kahawa yetu ilipoisha, alivuka chumba na kikombe chake, akaonja ya kwao, akasema, "Miaka yote hii nilidhani mnatuchukia, kumbe ni uchoyo wa sukari tu." Walicheka hata wale walionuna. Nami nilicheka, kisha nikamkumbuka baba, nikaona haya.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kuwataja marehemu wao kwa majina. Nami nikasema kwamba Mama anatamani kuiona miplamu yake kabla hajafa, lakini wakubwa wanatuambia michoro ya mabomu ilipotea, na kwamba mlima wetu una foleni ndefu mbele yake. Hapo akainuka Hajrudin, fundi wa mapaa, mtu wa kukaa karibu na mlango na kusikiliza. Akasema alipigana upande ule na anajua mabomu yalipo. Mzee Mijo akamuuliza kama atatangulia yeye mbele. Akajibu kwamba atatangulia.

Wategua mabomu walikuja Mei. Hajrudin akawa anasimama nao kwenye utepe, anaelekeza kwa kidole, nao wakawa wanayakuta hapo hapo. Agosti waliving'oa vile vibao vyekundu vya fuvu.

Mama hawezi tena kuupanda mlima, unajua. Hajrudin akasema atambeba. Mama akamwambia, "Mimi si gunia la viazi, kijana," lakini kesho yake alikuwa amevaa kilemba kipya tangu alfajiri. Njia nzima alikuwa mgongoni mwa yule mtu akimwamuru apite huku, asipite kule. Nusu ya miti imekufa, miiba imeimeza. Iliyobaki imeinama kwa matunda, miaka yote hiyo yakiliwa na ndege na nyigu. Mama akala moja, maji yakamchuruzika kidevuni, akalitaja jina la baba, basi. Mimi nilitazama ule mteremko ambako utotoni tulikuwa tunaserereka juu ya nyasi kavu, kaka, nikakuita kwa sauti kama mwendawazimu. Hajrudin alisikia, akageuza uso.

Sasa nifike kwenye lile nililoshindwa kukwambia kwa simu. Ulipofika wakati wa kushuka, Hajrudin hakuinama ili Mama ampande. Alipiga magoti mbele yake, akavua kofia. "Mama," akasema, "mabomu haya niliyatega mimi. Na lile pia. Siwezi kukushusha bila wewe kujua uko mgongoni mwa nani."

Alikuwa na miaka kumi na tisa, akaamriwa. Tangu baba afe, amekuwa akizungukia njia ya mtoni ili asipite mbele ya lango letu.

Mimi niliondoka nikaenda kuushika mti. Mama akamuuliza kama kuna bomu lingine lililobaki. Akasema hakuna. Mama akasema, "Basi inama, tushuke. Baridi inaniingia."

Nyumbani nilimuuliza kama amemsamehe. Akasema hajui, kila akisali anafika mahali pale na ulimi unamganda. Lakini Jumapili alinituma nipeleke ndoo ya plamu nyumbani kwa Hajrudin, akaniambia nichague zilizoiva vizuri.

Na mimi? Siku nyingine namchukia. Siku nyingine namwonea huruma. Alhamisi bado nakwenda.

Ameniomba nikuulize jambo. Ukija, je, akae mbali usimwone, au aje asimame mbele yako mwenyewe? Nilimwambia jibu hilo si langu kulitoa.

Najua uliapa hutarudi mahali anapoishi mtu aliyetega lile bomu. Sasa mtu yule ana jina na uso. Lakini mlima nao uko wazi, Stipo, na Mama hakuombi umsamehe mtu. Anataka tu akuone umesimama chini ya ile miti. Nami nataka hivyo hivyo. Plamu zitadumu hadi mwisho wa mwezi. Ukisema mwakani, kwa Mama mwakani ni mbali sana.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mama anasema anakuwekea mkono kichwani. Nijibu, hata kama jibu ni hapana.

Mdogo wako akukumbukaye,
Janja