Aliyemnenepesha Masanja

Napenda kuwatangazia wakazi wote wa Mkuyuni na vitongoji vyake kwamba leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu na paka, nimekunywa kikombe kizima cha chai isiyo na sukari, na hadi naandika haya bado niko hai. Taarifa hii isomwe makanisani na misikitini.

Ni Jumapili, mchana. Mawingu yametanda upande wa ziwa, joto limekaa kifuani, na mvua haijaamua kama inyeshe au ituache. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Mnaonifuata humu bloguni mnajua habari zangu za miezi hii. Kwamba nimeacha chapati za asubuhi. Kwamba kila alfajiri natembea hadi ufukweni na kurudi, nikihema kama treni ya mizigo, na akina mama wauza dagaa wananiita Mwanajeshi. Kwamba ugali wangu sasa ni wa dona, unakaa robo ya sahani, na nusu yote ni mchicha, kama nesi wa kliniki alivyonichorea kwenye karatasi. Mnaniandikia pongezi. Mmoja wenu aliniuliza juzi nani amenipa moyo wa kubadilika.

Namjibu leo.

Jibu lenyewe ni mdogo wangu, Masanja, tuliyemzika mwaka jana. Presha. Alianguka dukani kwake, hapa hapa Mkuyuni, akiwa anampimia mteja misumari, na siku ya tatu akatutoka. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka mitano, na kitambi changu kilikuwa kikubwa kuliko chake. Kwa haki kabisa, ningetangulia mimi.

Leo baada ya misa tulikwenda Mkolani kwa mjane wake, Mama Neema. Mimi, mke wangu, na shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mama ambaye hata kiti akikikalia nadhani kinamwamkia shikamoo. Mama Neema alitupikia sato wa kuchemsha, na bamia na nyanya. Shangazi akaonja mchuzi, akaweka kijiko chini.

"Leo ndiyo umejua kuchemsha," alisema. "Mwanangu alipokuwa hai mbona ulimlisha mafuta kama ng'ombe anayepelekwa mnadani?"

"Nilijitahidi, shangazi."

"Ulijitahidi! Ndiyo maana jeneza lilibebwa kwa zamu."

Mke wangu akajaribu kupoza mambo. "Shangazi, kula kwanza, samaki anapoa."

"Apoe. Shule zikifungwa nakuja kuwachukua hawa watoto. Wakae kwangu, wakajifunze kula."

Si mara ya kwanza. Maneno haya yalianza msibani, jikoni kwa wanawake, yakahamia turubai la wanaume, na sasa ukoo mzima unaamini kwamba Masanja aliuawa na sufuria ya mkewe. Ila la watoto kuchukuliwa nimelisikia leo. Neema ana miaka kumi na miwili, mdogo wake tisa.

Mama Neema akaniangalia. Tangu baba afariki, neno langu kwenye ukoo ndilo la mwisho, na yeye analijua hilo. Hakuniangalia kwa lawama. Aliniangalia kama mtu anayemsubiri shahidi afungue mdomo.

Nikaomba ndimu.

Mimi, ambaye hakuna sherehe Mwanza hii niliyowahi kukaa kimya, nikaomba ndimu, nikamkamulia samaki mpaka akachacha.

Sasa nimekaa uani kwangu. Shangazi hasomi mambo ya mitandao, lakini mjukuu wake, Pendo, humsomea blogu hii kila Jumapili jioni, na naambiwa wananicheka weee. Pendo, mwanangu, leo msomee bibi pole pole. Hii inayofuata usiiruke.

Mwaka mmoja kabla hajafa, Masanja aliambiwa kliniki kwamba presha imepanda na mwili umezidi. Mama Neema alilichukua jambo lile kama kazi ya kuajiriwa. Mafuta alipima kwa kijiko cha chai. Chumvi aliiondoa mezani. Masanja naye akaliacha gari nyumbani, akawa anatembea kutoka Mkolani mpaka dukani kila asubuhi, hadi wateja wakaulizana kama kaliuza. Akapungua. Suruali zikaanza kumpwaya.

Na kwetu mtu akipungua mnajua kinachosemwa. Hakuna anayesema anajitunza. Wanasema amekanyaga miwaya, ana virusi, anaficha dozi.

Jambo hilo lilimuuma, na aliniambia mimi peke yangu. "Kaka, wananiangalia shingo," alisema. "Mteja analipia bati, macho yako shingoni kwangu." Nikamwambia awapuuze.

Wiki mbili baadaye binti yangu alipata kipaimara, tukafunga turubai hapa hapa uani. Masanja alikuja na hotpoti ndogo aliyofungiwa na mkewe: mlenda, samaki, kipande cha ugali. Mshereheshaji alikwenda kula, nami kipaza sauti nikikiona siwezi kukiacha.

"Ndugu wageni waalikwa," nikasema, "tumwombee mdogo wangu. Anasema ni presha. Presha gani hii ya kukonda shingo na kutembea na chakula chake? Masanja, hapa tuko nyumbani, usifiche. Dozi ni saa ngapi?"

Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Masanja naye alicheka. Akamrudishia mkewe hotpoti, akaenda kwenye foleni, akarudi na mlima wa pilau na mbavu za mbuzi juu yake.

"Haya, tazameni," alisema. "Mgonjwa anakula hivi?"

Baada ya siku ile hakutembea tena kwenda dukani. Mama Neema alipopika vya kuchemsha, yeye alikula kwa mama ntilie, supu na chapati, palipo na watu, ili wamwone. Vidonge vya presha akaviacha, asije akakutwa anameza. Mwili ukarudi, na mtaani wakasema sasa Masanja yuko vizuri. Nami nilisema hivyo hivyo.

Daktari aliandika presha, na mimi si daktari. Siwezi kuapa kwamba angekuwa hai. Ninachojua ni nani aliyepika kwa kijiko cha chai na nani aliyeshika kipaza sauti. Mama Neema alikuwa amekaa pembeni ya mumewe siku ile, akasikia kila neno. Tangu msibani anatukanwa, na hajanitaja hata mara moja.

Watoto wabaki kwa mama yao, shangazi. Neno langu ndilo hilo, na nimechelewa kulisema.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalizie. Masanja alipomaliza kula aliinua sahani tupu juu ili kila mtu aione. Watu wakampigia makofi. Wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikiweka kipaza sauti chini ili nitumie mikono yote miwili.